Tulivyolihurumia Bega la Radi

Siku mwalimu wa nidhamu alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi la maji, bweni letu lilifanya ibada ya kimyakimya. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa watoto tuliolelewa vizuri. Tulisimama madirishani, mikono nyuma, tukamtazama akiwa amelala chali juu ya kingo za saruji, na Babu akavua kofia yake ya sufu. Babu alikuwa mkubwa wa bweni, mwanafunzi aliyerudia vidato mpaka baadhi ya walimu wakawa wadogo zake.

"Mungu ampe nafuu," akasema Babu. "Ila asiharakishe."

"Amina," tukaitikia.

Mwalimu alikuwa amepanda kule juu ili awavizie wavuta sigara kutoka angani, kama mwewe. Wavuta sigara wenyewe walikuwa jikoni wakati huo, wakimsaidia mpishi kuchagua maharage, wema mtupu.

Sisi tulimwita Radi, kwa sababu kabla hujasikia mlio ulikuwa umeshaungua. Ofisi yake halisi ilikuwa stoo ya michezo. Humo kulikuwa na mipira iliyopasuka, nyavu zilizoliwa na panya, benchi moja refu, na fimbo zake zikiwa zimesimama kwenye ndoo kama maua. Amri yake ilikuwa moja, na hata wa kidato cha kwanza waliijua kabla ya wimbo wa shule: "Lala kifudifudi, shika miguu ya benchi, usiitikise."

Rafiki yangu Kijiko hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata siku Radi alipomchapa vidoleni kwa ukingo wa rula ya chuma, kosa lake likiwa kupiga chafya wakati wa ukaguzi. Kidole cha kati kikavunjika. Matroni akakifunga kwa penseli na kipande cha kitambaa, akasema kitanyooka chenyewe kikipenda. Hakikupenda. Kikabaki kimepinda kama kijiko, na jina likakaa.

Nawaeleza haya mapema ili mtu asije akatulaumu bila kusikiliza upande wa pili. Mimi mwenyewe waliniita Wakili.

Radi hakuwa na mke wala mtoto, na ndugu zake, kwa sababu zao njema, hawakupokea simu. Mkuu wa shule akatafuta mwanafunzi wa kumsindikiza hospitali na kumbebea mfuko. Nilikuwa na alama nzuri za baiolojia na uso wa mtu anayekwenda kanisani, basi nikachaguliwa.

Daktari wa mifupa alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya fundi seremala. Alibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akaigonga kwa ukucha.

"Mwalimu, huu ni ule mfupa mpana wa nyuma ya bega. Kuuvunja si mchezo, lazima uanguke hasa. Umeanguka hasa."

"Si ungenifunga kitambaa tu, Daktari, mkono uning'inie?" akauliza Radi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kujua kwamba anayo sauti ndogo.

"Wengi nawafunga kitambaa na wanapona. Wewe shingo ya mfupa imegeuka. Ona hiki kikombe kinachopokea mkono. Kinatakiwa kitazame pembeni, chako kinatazama chini kama mtu aliyefiwa. Nikikuacha hivi, mkono wako utaishia hapa." Akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele, usawa wa kifua.

Radi akautazama ule mkono kana kwamba anaona kaburi lake.

"Haiwezekani," akasema. "Mkono huu ndio kazi yangu."

"Unafundisha nini?"

"Nidhamu."

"Hiyo inahitaji mkono?"

Radi akanitupia jicho. Mimi nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono, kwa makini sana.

"Basi tutapasua," akasema Daktari. "Nitakulaza kifudifudi, nitaingilia mgongoni."

Neno kifudifudi liliingia chumbani kama jamaa wa zamani. Nikainua mkono kwa adabu.

"Samahani, Daktari. Je, atashika miguu ya kitanda?"

"Hapana, atakuwa amelala usingizi wa dawa. Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua tu, Daktari. Napenda elimu."

Radi alinitazama kwa macho ambayo, mwezi mmoja kabla, yangenifikisha stoo. Lakini mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani kama mtoto mchanga mgongoni kwa mama, na macho matupu hayachapi.

Wakampasua. Jioni yake Daktari alinikuta kwenye benchi la korido akaketi kando yangu, akala chungwa, na kwa kuwa nilimuuliza akanieleza yote. Alikuwa amekata mgongo kwa mkato wenye kona, kwanza kando ya kile kigongo cha juu cha mfupa, kisha ukashuka sambamba na uti wa mgongo. Akaifunua nyama kuelekea pembeni kama mtu anavyofunua blanketi. Katikati, akasema, mfupa huo ni mwembamba kiasi kwamba ukiuinua kwenye taa mwanga unapita, na skrubu ukiiweka hapo haishiki kitu. Fundi mjanja hufuata kingo, ambako mfupa umenenepa. Basi alivuta vipande mpaka kikombe kikatazama kinakotakiwa, akachukua vyuma vyembamba, akavipinda kwa koleo kidogo kidogo mpaka vikalala kwenye ule ukingo, akavikaza kwa skrubu.

"Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo juu, mwembamba kama uzi," akasema, akitema mbegu kiganjani. "Huo ukiukata, mkono haunyanyuki tena. Nimeukwepa. Ni kazi nzuri sana hii, kijana. Naweza kuisifu kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa macho wa kuisifu. Ila sasa si kazi yangu tena, ni yako."

"Yangu, Daktari?"

"Nani anakaa naye?"

"Anakaa peke yake. Nyumba yake iko nyuma ya bweni letu."

"Basi ni yako."

Kesho yake akanifundisha kitandani. Radi alilala chali. Daktari akashika kifundo cha mkono na kiwiko, akaanza kuupandisha ule mkono polepole kuelekea dari. Ulipofika usawa wa bega, Radi akatoa mlio mwembamba kama mlango wa kabati la zamani.

"Juu," akasema Daktari.

"Inatosha, mama, inatosha!"

"Juu zaidi." Ukapanda. Mlio nao ukapanda. "Umeona? Anapiga kelele lakini hakuna kinachovunjika, vyuma vimeshika. Asubuhi na jioni, kila siku. Akilia, mwache alie, wewe endelea. Baadaye mpe fimbo aishike kwa mikono miwili, ule mzima uusukume mgonjwa. Shuleni kwenu fimbo hazikosekani?"

"Hazikosekani, Daktari."

"Vizuri. Bega likiachwa linaganda, na likishaganda mimi na vyuma vyangu tumepoteza wakati. Kwa hiyo usimhurumie. Ukimhurumia, umemharibu."

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pangu. Daktari mzima, mwenye koti jeupe, ameniruhusu mbele ya mashahidi kumliza Radi asubuhi na jioni. Nilirudi shuleni nikiwa nimebeba mfuko wa dawa na habari njema.

Baraza la bweni lilikaa baada ya chakula cha mchana, juu ya vitanda vya kona. Nikatoa ripoti. Nilipofika kwenye ule mlio wa kabati, waliomba niurudie, nikaurudia, wakaomba tena.

"Ndugu zangu," akasema Babu, akifuta machozi, "tumekumbukwa. Wakili, kesho asubuhi fungua madirisha ya kule kwake ili na sisi tushiriki."

"Na msukume mpaka aimbe wimbo wa shule," akadakia mwingine.

"Beti zote!"

Kijiko alikaa chini, mgongo ukutani, akikisugua kile kidole chake kama afanyavyo akifikiri.

"Wakili," akasema. "Ukimsukuma akalia, kisha nini?"

"Kisha nafurahi."

"Kisha mkono unapona, mjinga wewe. Unapanda mpaka juu. Halafu ukishapanda mpaka juu, unashukia wapi?"

Wengine walijishika makalio bila kujua.

"Daktari kasemaje?" Kijiko akaendelea. "Ukimhurumia, umemharibu. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mhurumie." Alisema taratibu, kama anaagiza chai. "Mpe huruma. Huruma nyingi. Mpaka aseme hajawahi kuona mtoto mwema kama wewe."

Pakawa na mjadala mkali. Chama cha Kelele kilidai kwamba furaha ya leo ni haki ya kila mwanafunzi. Chama cha Upole kilidai kwamba raha ya kudumu hutaka subira. Babu akapigisha kura, na Upole ukashinda, ingawa Kelele walinung'unika wiki nzima kwamba wameibiwa.

Nikaanza kazi. Nyumba ya Radi ilikuwa vyumba viwili vyenye kitanda kimoja, redio, sufuria mbili, na kalenda ambayo hakuna aliyewahi kuigeuza ukurasa. Alinisubiri asubuhi ya kwanza amelala chali, jasho limemtoka hata kabla sijamgusa. Nikashika kifundo na kiwiko kama nilivyofunzwa. Nikaupandisha mkono. Ulipokaribia bega, akafumba macho.

"Unaumia, Mwalimu?"

Akafumbua jicho moja. Nadhani alikuwa anatafuta kejeli usoni mwangu. Lakini uso wangu ni mali ya kanisa.

"Naumia," akasema.

"Basi tuishie hapa kwa leo. Mwili una hekima yake."

Mwili una hekima yake! Sijui niliitoa wapi. Radi akapumua kama gurudumu lililotobolewa. Jioni ikawa vilevile, na kesho yake pia. Nilimpangusa jasho. Nilimpangia mito. Alipotaka kujikaza mwenyewe, nilimzuia kwa sauti ya muuguzi mzee: "Taratibu, Mwalimu, haraka ya nini?" Akijaribu kuuliza kama Daktari alisema hivyo, nilimwambia Daktari ana wagonjwa wengi, hana muda wa kumjua kila mtu jinsi mimi ninavyomjua yeye. Lile zoezi la fimbo tulilifanya pia, amekaa kitini, fimbo aliyoichagua mwenyewe kutoka kwenye ndoo ikiwa magotini mwake. Tuliipandisha mpaka kifuani, tukaishusha, nikampongeza.

Akaanza kunipa chai ya maziwa. Kisha mkate. Kisha nikaondolewa kwenye zamu ya kusafisha vyoo, kwa kuwa mikono yangu, alisema, ni ya kazi nyingine. Siku moja, nikimfunga kile kitambaa shingoni, akasema huku ameelekea ukutani, "Tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyeniuliza kama naumia." Nilipeleka maneno hayo bwenini yakiwa bado ya moto, na yakapokelewa kwa makofi.

"Sasa ameiva," akasema Babu.

Kijiko hakupiga makofi. Alininusa.

"Unanukia maziwa," akasema. "Wakili, wewe umekuwa mtoto wa nyumbani."

"Kazi ni kazi."

"Sawa. Kazi njema, mtoto wa nyumbani."

Niseme pia kwamba Radi alijaribu mkono wa kushoto. Alimwita mtoro mmoja stoo, akamlaza, akainua fimbo kwa kushoto, akapiga goti lake mwenyewe. Akarudia, akapiga taa. Mtoro alitoka humo mzima, vioo vya balbu kichwani, akiwa shujaa wa taifa. Kushoto kwa Radi hakukuwa kumesoma shule yoyote.

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Daktari alitazama kwanza picha mpya, akatabasamu. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, vyuma vimelala mahali pake kama vilivyozaliwa hapo. Akageuka.

"Haya, Mwalimu. Mkono juu."

Radi akainua. Mkono ukafika usawa wa bega ukasimama. Akakunja uso, akainamisha kiwiliwili upande, akasimama kwa vidole vya miguu kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Mkono ulibaki palepale.

Tabasamu la Daktari likaondoka. Alimwendea, akaushika mkono, akausukuma kidogo. Haukwenda. Akanigeukia.

"Nani alikuwa anasukuma?"

"Mimi, Daktari. Asubuhi na jioni."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Sikuwa na lingine la kumwonyesha, mikono yangu ilikuwa imeshazoea upole. Daktari alitazama mpaka mwisho.

"Huku siyo kusukuma," akasema. "Huku ni kubembeleza."

"Usimseme mtoto," Radi akaingilia, na ile sauti yake ya zamani ikarudi kwa mara ya kwanza. "Huyu ndiye mtu pekee aliyenihurumia. Wewe ulinitesa, yeye akanitunza. Kama bega limeganda, limeganda kwa sababu yako na vyuma vyako."

Daktari alichukua mikono yangu, akaigeuza, akatazama migongo ya vidole. Pale palikuwa na alama mbili tatu za rula, za zamani. Akaniachia. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama picha kwenye kile kioo chenye taa.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema polepole, "sijawahi kuona mtu akiua bega kwa adabu."

"Asante, Daktari," nikasema. Ilinitoka tu.

Akamweleza Radi kwamba bado kuna njia: amlaze usingizi, alisukume bega kwa nguvu mpaka kilichoganda kiachie, au alifungue tena kwa kisu. Kisha mtu mwingine, siyo huyu, amsukume kila siku bila huruma hata chembe. Radi alimsikiliza akiwa amejikunyata. Akasema hapana. Akasema imetosha, hawezi kulia tena mbele ya watu. Akaomba mfuko wake, nikambebea, tukatoka. Nje, kwenye ngazi, akaniwekea mkono wa kushoto begani.

"Mwanangu," akasema, "usijali maneno ya yule mama."

Bweni lilipopata habari, tulisherehekea wiki nzima. Ndipo Kijiko alipobuni salamu. Darasani mwalimu akiuliza swali, Kijiko aliinua mkono mpaka usawa wa bega, akausimamisha hapo, akakunja uso na kusimama kwa vidole. Kesho yake darasa zima lilijibu maswali kwa mikono ya usawa wa bega. Siku iliyofuata ilikuwa shule nzima, kwenye foleni ya chakula, uwanjani, hata msalani. Radi alipita katikati yetu bila kusema neno, na tulidhani kwamba hana la kusema.

Jumamosi asubuhi akalikusanya bweni letu lote stoo. Kijiko aliitwa mbele.

"Lala kifudifudi, shika miguu ya benchi, usiitikise."

Kijiko alilala. Alikuwa anatabasamu. Sote tulikuwa tunatabasamu, maana tulijua kinachokuja: goti, au taa. Babu alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kofia.

Radi akachukua fimbo. Ilikuwa ile ya mazoezi, ile ile tuliyoipandisha mpaka kifuani asubuhi na jioni, imelainika kwa viganja vyetu sisi wawili. Akaja nayo mpaka niliposimama, akanipa.

"Mkono wangu hauwezi," akasema mbele ya wote, kwa upole ambao nilimfundisha mimi. "Na sina mtoto. Wewe ndiye mkono wangu."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kofia ya Babu ikianguka sakafuni. Nilitafuta maelezo, mimi ambaye siku zote ninayo, nikakuta kinywa kinanukia chai ya maziwa.

"Mwalimu, mimi..."

"Nenda."

Nikaenda. Kijiko aligeuza shingo, akanitazama kutoka chini. Kile kidole chake hakikuweza kuzunguka mguu wa benchi, kilikuwa kimesimama peke yake.

"Wakili," akanong'ona. "Upole."

"Naam," nikanong'ona.

Nikainua fimbo mpaka usawa wa bega, nikaishusha kama mtu anayefukuza nzi kwenye uso wa mtoto aliyelala. Watu wakapumua. Radi hakukasirika. Alikuja nyuma yangu, akanisimamia karibu kabisa, na kwa mkono wake wa kushoto akanishika kiwiko, kwa chini, pale pale Daktari alipotufundisha kushika.

"Juu," akasema sikioni mwangu.

Nikainua.

"Juu zaidi, mwanangu. Ukimhurumia, umemharibu."

Bega langu halikuwa na chuma wala skrubu. Lilipanda lote, mpaka likagusa sikio, laini, bila mlio wowote. Mlio ulitoka kwa Kijiko.